Kibao cha Murugi na Diwani Aliyetoka Nje

“Kama kibao yangu inazuia njia ya watu, ile yake inazuia nini? Mawingu?”

Hivyo ndivyo Murugi alivyomuuliza karani wa baraza la mji wetu, asubuhi moja ya mwezi wa Juni 1975, ameegemea kaunta kwa viwiko viwili kama mtu aliyekuja kulala hapo. Jana yake askari wa kanjo, wale wa baraza, walikuwa wameng'oa kibao chake pale kona ya steji ya mabasi na kukibeba kwa mkokoteni. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimekuja kulipia leseni yangu ya kushona nguo, na foleni nzima ilikuwa imekwama kwa sababu yake.

Karani, Bwana Gatimu, hakuinua macho kwenye karatasi zake. “Mama, kibao chochote kinachosimama kwenye njia ya watu ni lazima kiwe na idhini ya baraza. Hiyo ni sheria ndogo ya mji. Wewe huna idhini.”

“Na Wamae iko nayo?”

“Mheshimiwa Diwani Wamae.”

“Huyo huyo. Kibao ya Hoteli Kilele inaning'inia mpaka karibu katikati ya barabara. Diriye, yule mzee wa kununua ng'ombe kutoka Nanyuki, aligonga kichwa hapo akatoka nundu kama yai. Ni mtu mrefu, nimekubali. Lakini tangu lini urefu imekuwa makosa?”

“Hoteli Kilele si ya Mheshimiwa Wamae,” Gatimu alisema.

Foleni yote ilicheka, hata askari aliyesimama mlangoni. Kila mtu katika mji ule alijua ni nani alinunua nyama ya Hoteli Kilele alfajiri, na ni nani alifunga milango yake jioni na kuondoka na ufunguo mfukoni. Gatimu peke yake hakucheka. Alisema, “Leseni haina jina lake,” akamwambia Murugi ajaze fomu ya maombi. Fomu zenyewe zilikuwa zimekwisha. Arudi wiki ijayo.

Acha niseme huyu Murugi alikuwa nani, maana leo watu wanakula kwake na kudhani hoteli ile iliota yenyewe kama uyoga.

Alizaliwa Giakanja, na shuleni hakwenda hata siku moja. Aliolewa na Theuri, mtu wa lori, aliyekuwa akibeba mchele kutoka Mwea kuuleta huku juu. Mwaka wa sitini na nne lori lilipinduka karibu na Kutus, Theuri akafa, na mwenye lori alikuja matangani na mkate mmoja. Murugi hakulia mbele yake. Alimuuliza kama mkate huo ni wa mtoto au wa marehemu. Halafu akaanza kupika uji hapo hapo malori yanaposimama, kwa sababu wale madereva walimjua kama mke wa Theuri na waliona aibu kunywa kwa mtu mwingine. Baada ya miaka mitatu alikuwa amepata chumba cha mabati nyuma ya safu ya maduka, na hapo akafungua hoteli: chai, chapati, githeri ya mahindi na maharagwe, na nyama siku ya soko.

Ubaya wa hicho chumba ni hapo pahali. Mtu akishuka steji hakioni. Anaona mgongo wa maduka, mapipa, na choo cha soko. Kwa hiyo Murugi alimlipa Moffat, mchoraji wa vibao, amwandikie ubao mmoja wa futi tatu: HOTELI YA MURUGI, na chini yake mshale mwekundu unaoelekeza uchochoroni. Yeye mwenyewe hakuweza kuusoma. Alimwambia Moffat amwonyeshe jina lake linaanzia wapi na kuishia wapi, na kila asubuhi alilipangusa hilo peke yake, vumbi la mshale likibaki hapo hapo.

Kibao kilipokwenda, wateja walikwenda. Wala si kwa ubaya. Mtu wa safari ana nusu saa, haanzi kuuliza uchochoro wa Murugi uko wapi wakati Hoteli Kilele iko mbele ya pua yake. Mimi nilikaa na cherehani yangu kwenye veranda ya pili kutoka kwake, na hali ya mambo nilikuwa nikiisoma kwa sufuria. Mwezi wa sita alipika githeri kwa ile sufuria kubwa ya kushikwa na watu wawili. Mwezi wa saba alitumia ile ya mtu mmoja. Mwezi wa nane alipika kwa sufuria ya nyumbani, na bado ilibaki githeri ya kumpelekea jioni mtoto wake Ngatia, ambaye alikuwa kidato cha pili na alianza kulalamika kwamba anakula githeri kuliko wafungwa.

“Nikifika mwezi wa kumi na mbili bila kibao,” aliniambia, “nafunga. Narudi kulima mashamba ya watu.”

Hakuwa akitafuta huruma. Alisema kama mtu anayekuambia bei ya sukari.

Tangu Juni hakuacha kwenda ofisi ya baraza. Mara ya pili, fomu zilikuwa zimefika lakini zilikuwa za leseni za mbwa. Mara ya tatu zilikuwa zenyewe, nikamjazia mimi, Gatimu akasema imejazwa kwa kalamu ya rangi ya kijani na baraza linataka nyeusi. Mara ya nne ilipokelewa. Mara ya tano akaambiwa jambo lake litasikizwa mwisho wa mwezi wa saba kwenye mkutano mkuu wa baraza, ule unaoruhusu watu wa nje kukaa nyuma.

Tulikwenda naye. Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa jamii, madiwani tisa kwenye meza ndefu, sisi kwenye mabenchi. Kabla ya kila jambo mwenyekiti aliuliza, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa, “Kuna diwani yeyote mwenye masilahi katika jambo hili?” Hiyo ndiyo sheria. Diwani akiwa na biashara inayoguswa na jambo linalozungumzwa, anapaswa kusema, atoke nje, asubiri huko mpaka wenzake wamalize, na kura asipige. Jambo la Murugi lilipofika, mwenyekiti aliuliza, na madiwani wote tisa wakatazama dari. Wamae aliitazama kuliko wote.

Halafu akasimama. Alikuwa mtu wa kimo cha kati, mwenye kofia nzuri na sauti nzuri, na alizungumza vizuri sana, lazima niseme. Alizungumza juu ya sura ya mji. Alisema mgeni akishuka steji anapaswa kuona mlima, sio vibao vya mbao vilivyoinama. Alisema mama huyu tunamheshimu, lakini leo ni Murugi, kesho kila mtu na ubao wake. Wakapiga kura. Maombi yakakataliwa, kura sita kwa mbili, mmoja amelala.

“Ati mlima,” Murugi alisema tukitoka. “Kutoka hapo steji mlima uko nyuma yako. Lazima mtu ageuke.”

Mtu mwingine angekoma hapo. Murugi aliuliza mkutano mkuu mwingine ni lini, akaambiwa mwezi wa kumi, naye akaomba jambo lake lirudishwe. Fomu nyingine. Tulikuwa tumesimama kwenye korido ya ofisi kusubiri Gatimu amalize chai, na kwa sababu sikuwa na la kufanya nikaanza kusoma karatasi zilizobandikwa ukutani. Moja ilikuwa orodha ya wenye leseni za hoteli za mwaka huo. Nilisoma kwa sauti, nikamtafuta Murugi, nikampata. Kisha nikasoma juu yake: Hoteli Kilele, mwenye leseni Kabura mke wa Mutahi, Giakanja.

Murugi aliniambia nirudie.

“Kabura wa Mutahi wa Giakanja,” alisema polepole. “Huyo ni mama ya bibi ya Wamae, mama mkwe yake. Tumechuma kahawa na yeye nikiwa msichana. Huyo mama hajawahi kushika hata birika ya hoteli.”

Gatimu alipotoka na masharubu yake yamelowa chai, Murugi alikuwa ameshaweka kidole kwenye ile karatasi, mahali pasipo na jina lolote, na nikamsogezea kidole mahali pake.

“Hii ni haki?” aliuliza.

Gatimu alitazama mlango, akatazama upande wa pili, akashusha sauti. Namsifu kwa hilo; hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu anayengoja pensheni. “Sheria inasema masilahi ya mke wa diwani ni masilahi ya diwani. Kwa hiyo hakuandika jina la mke. Mama mkwe hakutajwa mahali popote.”

“Kwa nini hakutajwa?”

“Sheria iliandikwa na Wazungu, mama.”

Murugi alinishika mkono, tukarudi mpaka kwenye veranda yangu.

“Huyu mtu amekuwa mjinga,” alisema. “Angeandika jina ya ndugu yake. Angeandika ya mbuzi. Lakini mama mkwe?”

Msomaji ambaye si wa kwetu nimweleze. Kwetu mwanamume na mama ya mke wake wanaoneana haya, na haya hiyo si ya mchezo. Hawali pamoja. Hawabishani. Hawapeani mkono, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia majanini. Siku hizi vijana wamelegeza, lakini mwaka wa sabini na tano, mtu wa umri wa Wamae, ambaye alikuwa amemaliza mahari yake kwa taratibu zote na kusifiwa, asingethubutu kupandisha sauti mbele ya mama mkwe, sembuse kuzungumza juu ya mali yenye jina lake naye akiwa anasikia. Hata kanisani yule mama alipoketi upande wa kulia, Wamae alikuwa na kazi upande wa kushoto.

Jumapili iliyofuata tulishika njia ya Giakanja. Kabura tulimkuta uani, akipanga vikapu vya kuchumia. Alikuwa mkongwe mdogo mkavu mwenye macho ya kuhesabu. Murugi alimsalimia kwa unyenyekevu ambao sikujua anao.

“Mama, tumesikia uko na hoteli mjini.”

“Niko na nini?”

“Hoteli. Jina yako iko kwa ukuta wa baraza. Hoteli Kilele.”

Kabura aliweka kikapu chini. “Na hiyo hoteli yangu inapika nini?”

“Nyama ya kuchoma, mama. Na chipsi.”

“Mimi sina meno,” Kabura alisema. Alifikiri kidogo. “Nani anakula faida?”

Murugi alimweleza habari ya Wamae na ya kibao, yote, mpaka kalamu ya kijani, kisha akamwambia anachotaka: mkutano ni Alhamisi wiki ijayo, saa nne, Kabura aje akae kwenye benchi la mbele. Asiseme kitu. Akae tu.

“Kukaa tu?”

“Kukaa tu.”

“Alhamisi ni siku ya kuchuma,” Kabura alisema. “Kiwanda kinapokea Jumatatu na Alhamisi. Nikikosa siku moja wakati huu, kahawa inaiva kupita kiasi na kuanguka, na mimi sina mtu. Utanirudishia siku yangu?”

“Nitarudisha.”

“Siku ya kuchuma kwa siku ya kuchuma. Sio kuniletea sukari.”

“Siku kwa siku, mama.”

Ile Alhamisi nilikuwa na wasiwasi kuliko Murugi. Saa nne ikapita. Madiwani walizungumza juu ya mbwa wanaozurura, wakazungumza juu ya choo cha soko kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kukaa humo, na Kabura hakuonekana. Wamae alikuwa amependeza, kofia yake mezani mbele yake. Mwenyekiti alisoma, “Maombi ya Murugi wa Theuri kuhusu kibao,” akauliza kama kuna diwani mwenye masilahi, na dari ikatazamwa kama kawaida. Wamae akasimama.

“Bwana mwenyekiti, jambo hili tulilimaliza mwezi wa saba. Sielewi kwa nini mama huyu anatuchosha. Mji una sura yake, na sura hiyo…”

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Kabura akaingia na kiondo chake na shuka lake la kanisani. Hakuharakisha. Alipita mabenchi yote mpaka la mbele, akakaa, akaweka kiondo mapajani, akatazama sakafu, kwa adabu kabisa.

Wamae alikuwa bado amefungua mdomo. Nimeona ng'ombe akisimama hivyo mbele ya daraja. Alitazama karatasi yake, akaigeuza upande wa pili, ambako hakukuwa na kitu.

“Endelea, Mheshimiwa,” mwenyekiti alisema.

“Naomba ruhusa nitoke kidogo.”

“Unatangaza masilahi?”

“La. Natoka tu.”

Gatimu, ambaye aliandika kumbukumbu za mkutano, aliinua kalamu. “Mheshimiwa, niandike sababu gani?”

Wamae alichukua kofia yake. Hakuivaa; aliishika kifuani na kupita ukutani kabisa, uso ameugeuzia madirisha, ili asipite mbele ya lile benchi. Mlango ulifungwa polepole. Nilichungulia baadaye nikaona Gatimu ameandika: Diwani Wamae alitoka.

Wazee wale wengine wote walikuwa na mama wakwe zao, walio hai au waliokufa. Hakuna aliyecheka, lakini mmoja alishikwa na kikohozi kirefu. Mwenyekiti akauliza, kwa heshima, mama aliyeingia ni nani.

“Mimi ni Kabura wa Mutahi. Naambiwa niko na hoteli hapa. Nimekuja kuiona.”

Murugi alinikanyaga mguu. Mama alikuwa ameambiwa akae tu.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwerevu, au labda alikuwa amemchoka Wamae kwa muda mrefu kuliko sisi. Alisema taratibu inaruhusu jirani mwenye biashara aulizwe kama kibao kinamdhuru. Je, Hoteli Kilele ina pingamizi?

Kabura alifikiri. “Hiyo kibao inafanya nini?”

“Inaonyesha watu pahali pa chakula, mama.”

“Kuna ubaya gani mtu mwenye njaa akionyeshwa chakula?” alisema. “Iwekwe.”

Kura nane, hakuna aliyepinga. Hata yule wa kulala aliinua mkono.

Ningependa kusema Wamae aliadhibiwa. Hakuadhibiwa kitu. Wiki hiyo hiyo leseni ya Hoteli Kilele ilihamishiwa kwa jina la shemeji yake mwanamume, kile kibao cha kugonga vichwa kikabaki pale pale, na uchaguzi uliofuata tulimchagua tena kwa sababu alituletea lami. Ndivyo tulivyo. Na kibao cha Murugi nacho, mnadhani kilitolewa siku ile? Ilihitajika stakabadhi. Mwenye stakabadhi alikuwa likizo Karatina. Kilipopatikana baada ya wiki mbili, kilikuwa kwenye banda la askari wa kanjo, wamekigeuza meza ya kuwekea vikombe vya chai, na juu ya neno HOTELI kulikuwa na duara saba za chai ambazo hazikutoka hata kwa mafuta ya taa.

“Angalau wamekunywa chai kwangu,” Murugi alisema, akakipachika mwenyewe.

Sufuria kubwa ilirudi motoni. Diriye na wenzake wa ng'ombe walirudi, wakamwambia walidhani amekufa. Sikukuu zilikuwa karibu, mabasi yalijaa, na Murugi alifungua saa kumi na moja alfajiri na kufunga usiku, na hapo ndipo ujumbe ulianza kuja kutoka Giakanja. Kila mwenye kuja soko alikuwa nao. Mwuza viazi alisema, “Kabura anauliza siku yake.” Mwalimu wa shule alisema, “Yule mama anauliza siku yake.” Kasisi, baada ya kula chapati mbili, alipangusa mdomo na kusema kuna jambo dogo aliombwa alifikishe.

“Huyu mama anataka nifunge sasa?” Murugi alinilalamikia. “Miezi mitano nimelia kwa sababu ya wateja, sasa wamekuja nifunge? Alikaa kwa mkutano saa moja. Saa moja tu, na alikaa kwa benchi.”

“Ulisema siku kwa siku.”

“Najua nilisema nini.”

Alhamisi ya pili ya Desemba alifunga. Aliniachia ufunguo na kunikataza kumpikia mtu yeyote chai, kwa kuwa chai yangu ingemharibia jina, kisha akabadili nia akaniambia nifunge cherehani twende wote, nikashuhudie.

Kabura alimpa mistari ya chini, ile ya karibu na mto, ambako mtelemko ni mkali na miti imezeeka na kubaki na matawi marefu. Mimi nilipewa kigoda. Murugi alichuma tangu saa moja asubuhi, kikapu kimefungwa kiunoni, akisema peke yake maneno ambayo sikuyasikia yote. Kabura alipita nyuma yake, akainua tawi, akaonyesha punje nyekundu iliyosahaulika. Mchana walimwaga kahawa kwenye gunia na kuichambua, za kijani kando, na zilikuwa nyingi.

“Mkono wa hoteli,” Kabura alisema, akizihesabu. “Unachuma kama mtu anachota githeri.”

“Mama, mimi ni mtu wa moto. Sio wa miti.”

“Zamani ulikuwa wa miti.”

Saa tisa walibeba gunia kiwandani, wakapanga foleni, wakarudi. Kulikuwa kumebaki mti mmoja na nusu wa ule mstari wa mwisho, na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye migomba. Kabura alichukua kikapu cha Murugi kutoka kiunoni mwake, akakifungua kamba, akakipindua.

“Enda nyumbani, Mama Ngatia. Siku yangu umerudisha.”

“Huu mti bado.”

“Huo ni wangu. Nimekuachilia.”

Murugi alitazama ule mti. Alitazama barabara, akahesabu kwa midomo basi la mwisho na wateja wa jioni ambao wangefuata mshale mpaka kwenye mlango uliofungwa. Kisha akanyoosha mkono, akachuma zile punje nyekundu alizoweza kufikia bila kusogea, akazimimina kwenye kiganja cha mwanamke yule mzee, na tukapanda mlima.